Msikimbilie kuongeza kilomita

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu huko Minnesota, Marekani, kiongeze kilomita 5 za njia za ski (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni) msituni au kitengeneze kwanza ule mzunguko wa zamani. Anzeni na wa zamani. Theluji hudumu kwenye mteremko unaotazama kaskazini na penye kivuli cha misonobari; panapopigwa na jua la mchana, asubuhi utakuta barafu tupu. Utembeeni mzunguko wote mwezi wa Machi, mwone theluji inaanza kuyeyukia wapi. Kiangazi ng'oeni visiki na mawe, maana ardhi iliyosawazishwa hutosheka na theluji kidogo.

Halafu wenye ardhi! Kule Methow Valley, jimbo la Washington, mtandao wa zaidi ya kilomita 200 hupita hata kwenye mashamba ya watu, kwa ruhusa yao. Waendeeni kabla hamjachora ramani.