Kitalu cha dhahabu Idaho: tazama hati kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni, unauliza kama ununue kitalu cha dhahabu porini Idaho, Marekani, chenye vibanda vya wachimbaji wa kale, ili ukihifadhi. Nia njema, lakini hati ni ya aina gani? Chini ya sheria ya Marekani ya 1872, vitalu vingi vinakupa haki ya madini tu. Ardhi ni ya serikali, na asiye raia wala hajaomba uraia hawezi kushika kitalu kama hicho kwa jina lake. Tafuta kitalu kilichopewa hati ya ardhi yenyewe. Maombi mapya ya hati hizo yalisimamishwa 1994, kwa hiyo ni za zamani, na msajili wa kaunti anazo. Picha za dalali kwenye WhatsApp achana nazo. Halafu maji yanayotoka mashimoni yapimwe zebaki na aseniki kabla hujatuma hata senti: mwenye ardhi anaweza kubebeshwa gharama ya kusafisha.