Hakuna sekunde za bure, mkuu. Mimi zilinigharimu chaneli mbili

Usiipandishe hiyo video. Narudia, usiipandishe. Umesema unafungua chaneli ya YouTube ya kuchambua mechi, utaweka vipande vya "chini ya sekunde saba", chini uandike "sina nia ya kuvunja hakimiliki", halafu ukauliza maiki ipi nzuri na malipo yanaanzia wapi. Hapo kwenye sekunde saba tumbo lilinikata.

Hizo sekunde haziko kwenye sheria ya Marekani wala ya kwetu Tanzania. Wamarekani wana kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki ya 1976, kinachouliza mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenye kazi soko kiasi gani. Ya kwetu ya 1999 inaruhusu kunukuu na kumtaja mwenye kazi. Kunukuu, siyo kumwaga mabao yote matano!

Mimi sekunde saba niliuziwa na "mtaalamu" mmoja wa Telegram, shilingi elfu themanini. Nikapigwa onyo la kwanza la hakimiliki na YouTube, akasema futa video litaondoka. Nikafuta. Onyo likabaki palepale, maana kufuta hakuondoi kitu. La pili likaja, ndipo jamaa akanipa ushauri wake mkuu: pinga! Akanitumia barua ya Kiingereza, nikainakili hivyo hivyo, nusu yake siielewi. Kumbe mle ndani unatoa tamko ambalo ukidanganya ni kosa la kiapo cha uongo, unakubali kushtakiwa mahakama ya Marekani, na jina lako na anwani vinapelekwa kwa mlalamikaji. Mimi, ambaye nauli ya Mbagala hadi Posta naipigia hesabu! Mawakili wa wenye haki za matangazo waliponiandikia, niliondoa pingamizi langu mbio kuliko winga yeyote niliyewahi kumchambua.

Sijapumua, video ya zamani ikaleta la tatu. Matatu ndani ya siku 90, chaneli ya wafuatiliaji 11,400 ikafungwa. Na iliyounganishwa nayo ikaenda pia, ile niliyohifadhia video ya harusi ya dada yangu. Kwenye simu nilishaifuta ili nipate nafasi ya mabao. Dada hajaacha kuniuliza.

Kwa hiyo kabla hujapandisha, ondoa vipande vyote ubaki na sauti yako tu. Kama bado ni uchambuzi, sawa. Kama hakuna kilichobaki, ulikuwa unauza mali ya mtu. Siku hizi nachambua kwa vizibo vya soda mezani, vyekundu ni mabeki. Cheka tu, havijaniletea barua ya wakili hata moja.

Maiki natumia ya earphone.

Yule jamaa nimemwona wiki iliyopita anatangaza darasa jipya: namna ya kurudisha chaneli iliyofungwa. Laki moja na ishirini.