Modemu hukatika nikituma faili kubwa

SWALI: Fundi, shikamoo. Nafundisha sekondari huku Lushoto. Nyumba yangu iko bondeni, mtandao unashika dirishani tu, kwa hiyo modemu yangu ya USB nimeiunga kwa waya mrefu kutoka mezani mpaka dirishani. Kusoma barua pepe hakuna tabu. Nikianza kutuma matokeo ya wanafunzi, inakatika, inarudi, inakatika tena. Nimebadili laini, nimenunua bando jingine, na muuza duka mmoja ananiambia modemu imekufa. Ninunue mpya?
Mwalimu M.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Shika hela yako kwanza. Maiti haisomi barua pepe.

Ikikatika, tega sikio kwenye laptopu. Je, Windows inatoa ule mlio wa kuchomoa flashi, halafu ule wa kuchomeka? Ikilia, mnara na bando usivilaumu: kompyuta imepoteza kifaa chenyewe, kama vile umekichomoa kwa mkono. Isipolia, na modemu bado inaonekana, tatizo liko hewani.

Mimi nadhani italia. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi miliampea 500. Modemu iliyotulia hula umeme kidogo, lakini ikirusha data huku mnara uko mbali hulazimika kuongeza nguvu, na ulaji unapanda ghafla. Waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani. Zinatoka 5, zinafika pungufu, modemu inazimika na kuwaka upya. Ndiyo maana barua inasomeka ila matokeo hayaendi: kutuma ndiko kurusha.

Kuthibitisha ni rahisi. Beba laptopu hadi dirishani, chomeka modemu moja kwa moja, tuma faili lilelile. Likienda, mkosaji ni waya. Tafuta mfupi na mnene, au ule wenye vichwa viwili vya USB unaochota umeme kwenye matundu mawili. Waya wa USB 2.0 haukukusudiwa kuzidi mita 5, hata muuzaji akuapie.

Usipousikia mlio, tazama taa. Kwenye modemu nyingi ndogo za Huawei, kijani ni 2G na bluu ni 3G. Ikiwa zinapokezana, modemu inahamahama, na kila ikihama unaweza kukatika. Ingia kwenye programu yake uchague 3G peke yake. Huko milimani, kuisogeza modemu shubiri moja tu kunaweza kubadilisha mambo. Na wale wanaoiegemezea sufuria nyuma msiwacheke. Inaweza kusaidia, mradi mdomo wa sufuria uelekee kwenye mnara.

SWALI: Nimenunua modemu ya mtumba, imeshafunguliwa itumie laini zote. Nimeweka ya Safaricom, mawimbi yamejaa, lakini nikibonyeza kuunganisha inakataa. Tatizo nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Modemu bado ina mipangilio ya mtandao wake wa zamani. Fungua programu yake, tengeneza profaili mpya, kwenye APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) andika safaricom kwa herufi ndogo, na namba ya kupiga iwe *99#. Ihifadhi na uifanye ndiyo inayotumika; wengi husahau hapo. Ikikataa bado, itie laini hiyo kwenye simu. Data isipofunguka huko pia, shida iko kwenye laini.