Mwanangu, hayo maneno ya Kiingereza

Mwanangu, huku Kisumu mvua imenyesha tangu saa tisa na stima imepotea, kwa hivyo leo nakujibu vizuri.

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Bosi alisema "mitigate" kwa mkutano wenzako wakaandika, wewe ukatingisha kichwa tu, na sasa waniuliza utafanyaje upate Kiingereza kizito kama chao maana ile orodha ya maneno 500 umeikariri wiki nzima na yote yametoka kichwani.

Hiyo orodha achana nayo mama. Kuna Mjerumani anaitwa Ebbinghaus alijipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo 1885, na aliona vingi vinapotea haraka sana mwanzoni. Orodha yako ni vile vile, hujawahi kukutana na hayo maneno mahali popote yakifanya kazi.

Mimi nilijifunzia wodini. Nikiwa mwanafunzi wa unesi niliambiwa mgonjwa ana "hypoglycaemia", nikasikia hyper, nikaandika kwa faili sukari imepanda kumbe imeshuka, na yule mama wa watu anatetemeka, jasho limelowesha shuka. Sista aliona kabla mtu hajampa dawa mbaya. Akanivuta kando akanichorea nyuma ya karatasi: hypo chini, hyper juu, glyc sukari, aemia damu. Dakika mbili tu. Sijawahi kuchanganya tena, na hypertension, hypothermia, anaemia, leukaemia zikaanza kufunguka zenyewe.

Si hata Kiswahili ni hivyo? Soma, somesha, msomaji, masomo. Kiingereza pia kina mashina yake, mengi ya Kilatini na Kigiriki. Shika "mal", ubaya, unapata malnutrition, malpractice, malicious. Hata malaria yetu hii ya huku ziwani ni Kiitaliano, hewa mbaya, zamani watu walidhani homa inaletwa na hewa ya vinamasi, hadi 1897 daktari mmoja Mwingereza, Ronald Ross, akapata vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Sasa mitigate imetoka kwa mitis, laini. Ni kupunguza makali. Lakini maana peke yake haitoshi, angalia neno linatembea na nani: mitigate risk, mitigate the effects. Utasikia hata wakubwa wakisema "mitigate against", hapo wamechanganya na militate against, ambayo ni kuwa kikwazo. Kwa hivyo andika sentensi nzima, na uitoe kwa ripoti za kazi yako au tahariri ya gazeti, si kwa vitabu vya mtihani. Maneno matano kwa wiki yanatosha, na uchukue lile umekutana nalo mara ya pili, ukikimbizana na kila neno utachoka. Kesho funika maana ujaribu kukumbuka kabla ya kufunua, tena baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Huko kujaribu ndiko kunashikisha.

Na tafadhali usitingishe kichwa tena. Uliza pale pale, "hapa tukisema mitigate tunamaanisha tufanye nini?" Mimi siku ile niliogopa kuuliza, na mgonjwa ndiye angeumia.

Nduguyo anapanda basi Ijumaa. Nimempa kile kijitabu changu cha wodini, kifuniko kimetoka lakini mchoro wa sista bado nimeubandika ukurasa wa kwanza. Kurasa za nyuma ziko tupu, anzia hapo.

Mamako