Laki mbili za kuchu aliyekwama Goma

Msomaji wa Bagamoyo ameniandikia: yeye na wenzake watatu wamechanga laki mbili, wanataka kumsaidia kuchu mwenzao, yaani mtu wa mapenzi ya jinsia moja au aliyebadili jinsia, aliyenaswa na vita Goma, mashariki mwa Congo. "Tuanzie wapi?"

Anzeni kwa kufunga midomo. Ile bendera ya upinde wa mvua mnayotaka kuiweka status haimnunulii hata kibaba cha unga, na Bagamoyo ni mji wa mabaraza, habari hailali. Kumbukeni pia kwamba sheria ya Congo haitaji mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ilhali kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinaanzia miaka 30 mpaka maisha. Simu zenu nazo ni za kulindwa.

Teueni mmoja tu wa kuwasiliana naye. Ujumbe wa WhatsApp ujifute baada ya saa 24, ila msijidanganye: picha iliyokwisha kujihifadhi kwenye galari inabaki humo, na nakala inayopanda Google Drive usiku haifungwi kwa ufunguo msipouweka wenyewe. Zimeni vyote viwili, huku na kule.

Kabla ya neno lolote zito, mwulizie kitu cha sokoni. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanafaa sana. Akitaja bei, yuko peke yake. Akijibu "leo hakuna," msalimie nyumbani, uage, usiandike tena mpaka aanze yeye. Alama hiyo ipangeni mapema kwa kupigiana, isiandikwe popote.

Sasa pesa. Muamala unabeba jina la aliyesajili laini, na meseji yake inakaa kwenye simu ya mpokeaji hadi aifute. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 benki zilifungwa na noti zikaadimika, kwa hiyo yeye ndiye wa kuwaambia wakala gani ana fedha na nani anamwamini apokee kwa niaba yake. Gaweni mara nne, elfu hamsini hamsini. Ya kwanza ikiliwa, tatu mnazo. Makato yatapanda, lipeni tu. Mkipeleka dola kwa mkono wa msafiri, zikagueni kwenye mwanga moja moja: noti iliyochanika hata ncha ya ukucha wataikataa.

Msimsukume Uganda eti kwa kuwa mna mwenyeji Kampala. Sheria yao ya 2023 ina kifungo cha maisha, na yapo makosa ya kunyongwa. Rwanda, ng'ambo tu pale Gisenyi, haina sheria ya kumfunga kwa hilo, ingawa majirani ni majirani popote. Kwa aliyebadili jinsia, mtihani ni kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wacongo wengi ndiyo kitambulisho: pichani kijana, mbele ya afisa amesimama dada. Siku ya kuvuka avae nini, ataamua mwenyewe.

Akisema ameingiliwa kwa nguvu, usiulize nani, uliza lini. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28. Kama tayari anatumia ARV, mwulize vimebaki vidonge vingapi. Ukiuliza "unazo?" mwenye haya atajibu "ninazo" hata kama kimebaki kimoja.

Picha ya kushukuru akiwa amekumbatia mfuko wa unga, msiombe. Anayeidai kati yenu arudishiwe elfu hamsini yake.