Birika lililotoboka limenibebea kicheni pati nzima

Jumatatu nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma: "Dada, kila nikipanga maua nyumbani yanakuwa kama ya msibani. Nakosea wapi?" Nimeusoma mara tatu. Nimeona nimjibu hapa, ili na wengine mnaohangaika kama yeye msikie, maana swali lake limenikuta bado nina joto la Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi ya kupamba kicheni pati hapa Ilazo, meza 9. Nilikuwa nimeagiza mawaridi kutoka Arusha, boksi 2, kwa pesa yote ya malipo ya awali. Yalifika Ijumaa jioni. Nilipofungua boksi la kwanza nilikaa chini sakafuni. Yalikuwa yamelala shingo, yote, petali za nje zimekuwa kahawia kama majani ya chai. Yalikuwa yamesafirishwa kavu, yamebanwa kwenye buti lenye joto. Nilikata mashina upya ndani ya maji, nikayatumbukiza kwenye ndoo hadi shingoni, nikasubiri mpaka saa sita usiku. Shina likikaa muda mrefu bila maji, hewa huziba mishipa yake, na wakati mwingine hata ukilikata upya halinywi tena. Yaliamka kumi na moja tu. Nililia, na sioni aibu kulisema hilo.

Halafu nikaingia jikoni kunywa maji, macho yakatua kwenye birika la bati la marehemu mama. Jeupe, ukingo wa buluu, rangi imebanduka mdomoni, kitako kimetoboka. Nikaliweka mezani. Nikatoa sufuria mbili zilizong'oka masikio, makopo ya maziwa ya unga, jagi lililopasuka, chungu cha kupikia mboga. Vilivyovuja niliviwekea kikombe cha plastiki ndani, maji yakakaa. Nikapata vyombo 9.

Lazima niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hapa. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka makopo kama hayo kwenye ukumbi mmoja wa hapa mjini, na mwenye ukumbi akaniambia mbele ya wahudumu, "Mama, toa hayo makopo, watu watasema tumefilisika." Nikayatoa. Tangu siku hiyo nilikuwa nanunua vyombo vya kioo na kuagiza waridi kama kila mtu. Neno lile lilinikaa kifuani, na Ijumaa usiku bado lilikuwepo.

Alfajiri nilipanda bodaboda hadi Mpunguzi kwa shangazi. Ilikuwa mwisho wa Aprili, zabibu zimeshavunwa, majani yameanza kuwa na wekundu pembeni. Shangazi akanikatia matawi marefu yenye vile vikono vinavyojizungusha, akaniuliza, "Mwanangu, majani haya unaenda kuyapika?" Nikamwambia nakwenda kuyachora. Jirani yangu alinipa alizeti, mwingine masuke ya uwele. Bogenvilia nilikata kwenye uzio wangu.

Sasa, dada yangu wa Nkuhungu, nikueleze birika lile, maana mengine yote yalilifuata hilo.

Nilikunja kipande cha wavu wa banda la kuku kikawa kama ngumi, nikakisukuma ndani. Ndicho kinachoshika mashina. Ile sifongo ya kijani ya dukani huihitaji. Nikaanza na tawi la zabibu, nikaliacha lishuke upande wa mdomo wa birika hadi liguse kitambaa cha meza. Upande wa pili nikasimamisha suke moja la uwele, refu kupita vyote. Hapo mstari ukawa umeshapatikana: unaanzia juu kulia, unapita katikati, unamwagikia chini kushoto. Alizeti zilikuwa tatu. Moja ilitazama watu, ya pili niliigeuza ionyeshe kisogo chake cha kijani, ya tatu bado haijafumbuka. Kati yao nikaacha tundu lenye giza, sikulijaza. Bogenvilia ya zambarau ikaingia chini kabisa, karibu na ukingo wa buluu, rangi hizo mbili zikaanza kuongea. Waridi moja kati ya yale kumi na moja likaegemea mpini.

Hilo sikulibuni mimi. Kuna mchoraji wa Uholanzi, Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664. Alizaa watoto 10, na bado alichora maua hadi akiwa na miaka zaidi ya 80. Nimekaa na picha zake kwenye simu usiku mwingi. Nyuma kuna giza, maua yamekaa kimshazari, shina moja linaning'inia nje ya meza, na majani mengine yametobolewa na wadudu. Watoto 10! Wewe na mimi tunasema hatuna muda.

Maua yako, dada, yanafanana na ya msiba kwa sababu unayapanga duara, urefu mmoja, yote yanatazama mbele, yamebanana. Hilo ni shada la kaburini. Geuza mengine, inamisha mengine, acha tundu. Na rangi ianze kwenye chombo chenyewe: chungu cheusi kinataka njano, kopo lenye kutu linataka zambarau na kahawia.

Kata asubuhi na mapema au jioni, kamwe si mchana wa jua letu. Majani yatakayozama yatoe. Bogenvilia ipukutishe majani yake yote, uizamishe nzima kwenye beseni kwa saa nzima, la sivyo itanyauka kabla wageni hawajafika. Oleanda usiilete karibu na meza ya chakula, ina sumu. Alamanda nayo utomvu wake unawasha.

Na tuache, jamani, kusema Dodoma ni kavu hakuna maua. Tunalipia waridi lisafiri kupita Babati na Kondoa lifike limekufa, huku alizeti imesimama nyuma ya nyumba inatungoja. Tunaona aibu ya vyombo vilivyotulea. Birika lile lilinichemshia uji nikiwa darasa la kwanza. Kwa nini nilifiche?

Mama wa bi harusi alisimama mbele ya birika muda mrefu, akagusa pale rangi ilipobanduka, akasema kwao walikuwa nalo moja kama hilo. Baada ya shughuli aliniomba libaki kwake usiku ule, na maua yake. Nikamwachia.

Wewe umeniandikia kwamba nyumbani una kopo la Blue Band tu, tena lina kutu. Usilisugue. Kesho jioni liweke dirishani, kata tawi moja linaloinama, uanze nalo hilo. Kisha nitumie picha.