Uzi wa kushonea kidonda ukiwa mkakamavu usiuvute kwa hasira

Juzi hapa kituoni kwetu, Kigoma, mwanafunzi wa fildi alikuwa anamshona mvuvi aliyepasuka mkono kwa kamba ya mtumbwi, tabaka la ndani anatumia Vicryl, uzi unaoyeyuka wenyewe mwilini, basi kila baada ya pigo moja anaupitisha uzi katikati ya vidole anaupangusa, anaunyoosha, anaupangusa tena, mpaka ukaanza kuchambuka. Akaniambia dokta huu uzi mbovu, mgumu na unakwama. Uzi ulikuwa mzima kabisa, yeye ndo alikuwa ameumaliza kwa vidole vyake. Sikumkaripia kwa sababu mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo miaka yangu ya kwanza, na hakuna aliyenielekeza.

Vicryl ni poliglaktini 910, vijiuzi vyembamba sana vimesukwa pamoja kama nywele, alafu juu vimepakwa poliglaktini 370 na kalisiamu stiareti. Hiyo stiareti ni jamii ya sabuni, kwa hiyo ule utelezi unaousikia ukigusa uzi ndo wenyewe. Kazi yake uzi upite kwenye nyama bila kukwaruza, maana uzi uliosukwa ukiwa mtupu unapita kama kijimsumeno, na pia fundo lishuke vizuri mpaka chini bila kukwama njiani. Sasa wewe ukikaa kuusugua na glovu, au ukaubana katikati kwa nido holda, lile koleo la kushikia sindano, mpako unatoka na vijiuzi vya ndani vinakatika kimoja kimoja. Alafu unalalamika umekuwa mgumu! Koleo ni la sindano, na kama ni lazima ushike uzi kwa koleo basi shika ule mwisho utakaoukata na kuutupa. Kuunyoosha ukitoka kwenye pakiti inatosha kuushika inchi moja au mbili kutoka kwenye sindano, na mkono mwingine ushike mwisho wa uzi, uvute taratibu mara moja. Usivute kwa kushika sindano yenyewe, pale ilipoungana na uzi pataachia.

Ila huo ulaini una gharama yake na hapa ndo niliumia. Kuna baba mmoja alikuja na jeraha la panga kwenye mkono, nikamshona vizuri, uzi laini, nikafurahi unavyoteleza, kila fundo nikalifunga kwa vifundo viwili, kimoja juu ya kingine, kama nilivyozoea na uzi wa hariri, nikamwambia nenda nyumbani. Siku ya tatu karudi mafundo matatu yamefunguka yenyewe na kidonda kimeachia. Sijasahau sura yake mpaka leo, alikuwa ametembea kwa mguu kutoka mbali. Uzi wenye mpako unateleza kote kote, unateleza kwenye nyama na unateleza kwenye fundo pia, kwa hiyo sa hivi mi sishuki chini ya vifundo vinne, na kila kimoja nabadilisha upande, huku alafu kule, kilale bapa. Ukienda upande mmoja tu mfululizo unapata fundo linalotembea, hata ukifunga kumi.

Jambo lingine ni joto. Nilishawahi kufanya kazi sehemu ambayo maboksi ya nyuzi yalikaa dirishani chini ya bati, na mwezi wa tisa unajua jua letu lilivyo. Nyuzi hizi zinazoyeyuka mwilini zinavunjwa na maji, yani unyevu ukiingia na joto likisaidia zinaanza kuchoka humo humo kwenye boksi. Uzi mzima wiki 2 baada ya kushona bado unabakiza kama asilimia 75 ya nguvu yake, wiki ya 3 nusu hivi, sa kama ulishaupika dirishani unaanza na deni. Tafuteni kabati la kivulini, pakavu, soma joto lililoandikwa kwenye boksi. Na ukishafungua pakiti uzi ukabaki usiurudishe kwenye otokilevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, huo tupa.

Watu wengi wanauliza kama waloweke uzi ili ulainike. Inategemea ni uzi gani jamani, na hapo ndo wengi wanachanganya. Kaka yangu ni mvuvi pale Kibirizi, akifunga nailoni ya ndoano anailowesha mate kwanza ndo anakaza, na yuko sahihi, nailoni ni uzi mmoja mzima wenye memori kali, unakumbuka jinsi ulivyokunjwa, kwa hiyo nailoni ya hospitali nayo ukiilowesha kidogo na salaini safi, yale maji ya chumvi ya hospitali, na kuipitisha taratibu kwenye vidole mara chache inatulia. Ila Vicryl usiloweke, tumia kavu ikitoka tu kwenye pakiti. Hariri nayo iache kavu, ikilowa inapungua nguvu. Katigati, uzi unaotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, ndo inakuja na maji yake ya spiriti humo ndani ili isikauke, ikikauka inakuwa kama waya, hapo ichovye kwenye salaini mara moja tu na utoe, usiiache inaogelea na usitumie maji ya moto.

Yule mwanafunzi nimempa pakiti zilizopitwa na tarehe na kipande cha ngozi ya mbuzi toka buchani, maana mgomba ni mzuri kwa kujifunza kupitisha sindano ila haukupi ile hali ya ngozi kuvutana na fundo. Anafunga kila jioni akimaliza zamu. Nimemkataza kutazama saa, nataka asikie kwa kidole fundo linapokaa, kingo zikutane tu bila kubanana hadi ngozi iwe nyeupe. Jana nilichukua forsepsi, kile kibano, nikavuta mafundo yake moja moja, nilivuta kumi na mawili. Moja tu ndo liliteleza, na kabla sijasema kitu akaniambia lile nilirudia upande ule ule.